Mwimbaji wa Reli Aliyegeuzwa Swara Kapkatet

Kuna shtaka moja ambalo sisi wapenzi wa muziki wa kantri nchini Kenya hutupiwa mara kwa mara, nalo ni kwamba tumetekwa akili. Inadaiwa kwamba Mwafrika aliyezaliwa penye ngoma, nyatiti na wandindi hana sababu ya kuvaa kofia pana ya mchunga ng'ombe wa Texas na kububujikwa na machozi kwa ajili ya garimoshi lisilopita kwao. Shtaka hili nimelisikia katika chumba cha walimu, nimelisikia ndani ya matatu, na majuzi nimelisikia kutoka kwa mwanafunzi wangu mmoja ambaye, kwa adabu zote, alitaka kujua iwapo mwalimu anayewafundisha historia ya ukoloni mchana anaweza kuwa mateka wa Jim Reeves jioni.

Swali lile halikuniudhi. Kijana alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu hapa kwetu Kahawa Sukari, na kote kandokando ya Barabara Kuu ya Thika kuanzia Githurai hadi Ruiru, muziki huo haujifichi. Jumamosi jioni hukosi kusikia gita la kantri likitoka mahali panapochomwa nyama, na ndani yake watu wazima, baadhi yao babu na nyanya wenye wajukuu katika Chuo Kikuu cha Kenyatta ng'ambo ya barabara, wakiimba maneno yote bila kukosea. Wengi wetu tulilelewa na redio. Idhaa ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya, kabla haijarejea kuitwa KBC mwaka 1989, ilitunywesha nyimbo hizo kama uji.

Nilimwahidi mwanafunzi wangu jibu la maandishi. Jibu lenyewe ni maisha ya mtu mmoja ambaye amekuwa kaburini tangu 1933, ambaye vijana wengi hawamjui hata kwa jina, na ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Hata hivyo, mtu huyo ana wimbo wake katika Kikipsigis. Aliitwa James Charles Rodgers, na ulimwengu ukamzoea kama Jimmie Rodgers. Asichanganywe na Jim Reeves, aliyekuwa mtoto wa miaka tisa tu wakati Rodgers alipofariki, wala na Kenny Rogers wa juzijuzi.

Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 katika viunga vya Meridian, mji wa njia panda za reli katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa msimamizi wa kikosi cha matengenezo ya reli, kazi iliyomfanya alale leo hapa, kesho pale, na mtoto akalelewa kwa zamu na jamaa mbalimbali. Mtoto wa namna hiyo hujilea mwenyewe mitaani. Alipokuwa na umri wa miaka kama 13 alishinda shindano la uimbaji mjini kwao, kisha akatoroka na kundi la wauza dawa. Msomaji asiyejua mambo hayo na awafikirie wale wauza dawa wa vituo vyetu vya mabasi wenye vipaza sauti na nyoka ndani ya sanduku: wa Marekani walikuwa na waimbaji badala ya nyoka. Baba alimfuata, akamrudisha nyumbani, na kwa kuwa shule ilikuwa imekwisha kumshinda, akampa kazi katika reli.

Hapo ndipo pa kutua kidogo, maana bila reli mtu huyu asingejulikana na yeyote nje ya wilaya yake.

Kazi ya kwanza ya kijana ilikuwa kuwachotea maji wafanyakazi waliotandika na kunyoosha njia ya reli. Wafanyakazi hao walikuwa Waamerika weusi. Mississippi ya wakati huo ilikuwa nchi ya ubaguzi wa wazi: mtu mweusi hakupiga kura, hakuketi na mzungu ndani ya behewa moja, na angeweza kunyongwa mtini kwa tuhuma isiyofikishwa mahakamani. Lakini chuma cha reli ni kizito, na watu kumi hawawezi kukisogeza kwa pamoja bila wimbo. Kiongozi hutoa mstari, wenzake huitikia, na nyundo zote huanguka kwa mpigo mmoja. Sisi hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo, kwani ni vivyo hivyo wavuvi wa Lamu huvuta jarife na ndivyo wazee wetu walivyolima kwa zamu. Kijana mzungu mwenye ndoo ya maji alisikia nyimbo hizo kutwa, na wakati wa mapumziko akajifunza kwao namna ya kupiga gita na banjo, namna ya kusema uchungu kwa mzaha, na namna ya kuurudia mstari wa kwanza kabla ya kuujibu kwa wa tatu. Mtindo huo ndio ulioitwa bluzi.

Kwa bahati tu, mwaka 1913, Rodgers alipokuwa kijana wa miaka 16 relini, reli yetu ya kutoka Nairobi ilifika Thika, ikipita hapa Kahawa na Ruiru. Nayo haikujengwa kimyakimya. Nyimbo za waliobeba mataruma yake hazikuandikwa popote.

Baadaye Rodgers alipanda cheo akawa mshika breki wa garimoshi. Hiyo ilikuwa kazi ya kuunganisha na kutenganisha mabehewa, kukagua breki, na kutembea juu ya paa la behewa linaloyumba usiku wa baridi. Alioa mara ya kwanza mwaka 1917, ndoa ikavunjika. Akaoa tena Aprili 1920, mke akiwa Carrie Williamson, binti wa mhubiri. Walipata mabinti wawili. Wa pili, June, alifariki akiwa bado mchanga mnamo Desemba 1923, wakati baba yake akihangaika mbali na nyumbani kutafuta kazi. Mwaka uliofuata Rodgers alianza kutema damu, na madaktari wakamweleza kwamba ana kifua kikuu. Alikuwa na umri wa miaka 27. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa bado haijapatikana. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Aliyeambiwa ana kifua kikuu siku hizo alikuwa ameambiwa ahesabu miaka.

Nadhani hesabu hiyo ndiyo iliyomfanya mwanamuziki. Kazi ya reli ilihitaji mapafu asiyokuwa nayo, na kitu kingine alichokijua ni kuimba. Ni ajabu kidogo kwamba mtu wa mapafu mabovu alichagua kazi ya pumzi.

Mwaka 1927 alikuwa Asheville, North Carolina, akiimba katika kituo kidogo cha redio na kundi la vijana watatu, wapigaji wa ala za nyuzi. Wakapata habari kwamba Ralph Peer, mtafutaji vipaji wa kampuni ya santuri ya Victor, amepiga kambi katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, akirekodi watu wa milimani ndani ya jengo lililokuwa stoo ya kofia. Walifika. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi ukazuka ugomvi, na chanzo chake kilikuwa jina: santuri iandikwe jina la nani? Vijana walitaka kundi liitwe kwa jina lao la zamani. Rodgers alitaka liitwe kwa jina lake. Wakaachana usiku huohuo. Tarehe 4 Agosti 1927 aliingia peke yake na gita lake, akaimba nyimbo mbili, akalipwa dola 100. Naomba msomaji auweke ugomvi huo akiba, tutauhitaji mbele.

Mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo, katika mji wa Camden, New Jersey, alirekodi wimbo wa bluzi na kuufunga kila ubeti kwa yodeli. Yodeli ni ule uimbaji wa sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kooni na kurudi, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Asili yake ni wachungaji wa milima ya Alpi barani Ulaya, na ilikuwa imekwisha kufika Marekani kupitia waigizaji wa jukwaani. Alichofanya Rodgers ni kukiunganisha kilio cha wachungaji wa Uswisi na kilio cha watandika reli weusi wa Mississippi. Santuri hiyo, iliyoitwa Blue Yodel, iliuzwa kwa mamia ya maelfu, na katika muda wa miezi michache mgonjwa asiyekuwa na nauli akawa miongoni mwa waimbaji waliouza santuri nyingi kabisa nchini mwake. Kati ya 1927 na 1933 alirekodi nyimbo zipatazo 110.

Sasa tuje kwenye kofia. Je, Jimmie Rodgers alikuwa kauboi? Hasha! Hakuchunga ng'ombe hata mmoja. Lakini alihamia Kerrville, Texas, mwaka 1929, akitafuta hewa kavu iliyofaa kifua chake, akajenga huko jumba la fahari, akapigwa picha akiwa na kofia pana na mavazi ya uchungaji, akarekodi nyimbo kadhaa za makauboi, na mwaka 1931 akapewa heshima ya kuitwa askari wa kikosi cha Texas Rangers. Wakati huo kauboi halisi alikuwa anaelekea kwisha. Huyo halisi, kwa makadirio ya wanahistoria wengi, huenda alikuwa mtu mweusi katika kila watu wanne, na mengi ya maneno na mavazi yake aliyapata kwa Wameksiko. Kauboi mwimbaji, yule wa sinema, ni kiumbe aliyeshonwa na wauza santuri na wauza picha. Rodgers alimshonea koti, akafa kabla ya kulivaa mbele ya kamera.

Kwa hakika sinema aliyocheza ni moja tu. Inaitwa The Singing Brakeman, ilipigwa mwaka 1929 huko Camden, na haizidi dakika kumi hivi. Ndani yake anaonekana kwenye mkahawa wa stesheni, amevaa nguo za kazi za reli, gita mkononi, wanawake wawili wakimsikiliza, na anaimba nyimbo tatu. Hakuna farasi, hakuna bastola, hakuna adui. Mwaka huohuo wa 1929 mwigizaji Ken Maynard aliimba katika filamu ya makauboi, na kijana mmoja wa Texas aliyeitwa Gene Autry alianza kurekodi santuri kwa kuiga sauti ya Rodgers kiasi kwamba msikilizaji asiye makini angewachanganya. Autry huyo ndiye aliyekuja kuongoza filamu za kauboi mwimbaji kuanzia 1935, miaka miwili baada ya kifo cha mwalimu wake asiyemjua. Filamu za namna hiyo ndizo zilizokuja kutembezwa hadi miji na vitongoji vya kwetu, zikatuachia neno steringi, ambalo kila mtoto wa Kenya alijua maana yake: mtu asiyekufa kabla ya picha kwisha. Rodgers hakuwa steringi wa aina hiyo.

Nilisema tutauhitaji ugomvi wa jina. Tarehe 16 Julai 1930 Rodgers aliingia studio mjini Hollywood kurekodi Blue Yodel ya tisa. Safari hii hakuwa peke yake. Tarumbeta ilipigwa na Louis Armstrong, na piano na Lil Hardin Armstrong, mkewe, wote wawili Waamerika weusi, na yeye Louis tayari akiwa bingwa wa jazi. Ukiisikiliza santuri hiyo leo huna haja ya kuambiwa ni nani anayepiga. Tarumbeta inamjibu mwimbaji kama mtani amjibuye mtani wake. Lakini kibandiko cha santuri kilikuwa na jina moja tu. Wahenga walituambia kwamba mcheza kwao hutuzwa. Armstrong alicheza kwao, katika nchi aliyozaliwa, katika mtindo uliotoka kwa watu wake, na hata kuandikwa hakuandikwa.

Sisemi kwamba Rodgers ndiye aliyemfuta. Vibandiko vya santuri viliandikwa na kampuni, na kampuni ziliuza muziki wa weupe kwenye orodha moja na wa weusi kwenye nyingine, wala hazikutaka wanunuzi waone majina yakichanganyika. Lakini mtu aliyevunja kundi zima usiku mmoja kwa ajili ya jina lake alijua thamani ya jina. Vilevile kuna shemeji yake, Elsie McWilliams, dada wa Carrie, aliyetunga naye nyimbo zaidi ya 30. Katika baadhi yake jina lake halikutokea, ingawa yeye aliridhia hivyo ili kumsaidia mgonjwa. Na kuna wale watandika reli wa Meridian, walimu wake wa kwanza, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa popote. Hawakuulizwa kama wanaridhia.

Upande wa pili wa mizani upo pia, na haki itendeke. Mwanzoni mwa 1931, ukame na mdororo wa uchumi ulipoyabana majimbo ya Texas, Oklahoma na Arkansas, Rodgers alizunguka na mchekeshaji Will Rogers wakiimba na kuchekesha ili kuchangia mfuko wa Msalaba Mwekundu, naye wakati huo akikohoa damu nyuma ya pazia. Mwaka huo aliimba waziwazi kuhusu kifua kikuu chake, katika zama ambazo familia zilificha ugonjwa huo kama aibu. Wale kati yetu walioona miaka ya 1980 na 1990 jinsi ukimwi ulivyofichwa majumbani, na jinsi msanii mmoja mmoja aliyejitokeza alivyopokewa, wataelewa uzito wa kitendo hicho. Wasikilizaji weusi nao walimpenda. Howlin' Wolf, mwimbaji mashuhuri wa bluzi, alieleza baadaye kwamba alijaribu kuiga yodeli ya Rodgers, ikamshinda, ikatoka kama mlio wa mbwamwitu. Mlio huo ukawa ndio sauti yake ya maisha.

Pesa zilikuja na zikaenda. Jumba la Kerrville liliuzwa, na mwaka 1932 familia ikahamia nyumba ndogo zaidi huko San Antonio. Mei 1933 alisafiri kwenda New York kurekodi mara ya mwisho, kwa sababu alitaka kuwaachia mke na binti kitu. Alianza kazi tarehe 17. Studio ilimwekea kitanda chembamba cha kujilaza baina ya nyimbo, na muuguzi akawa karibu naye. Aliimba wimbo, akalala, akainuka, akaimba mwingine. Tarehe 24 alimaliza. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1933 damu ilimvuja kwenye mapafu na akafariki katika chumba cha Hoteli ya Taft, akiwa na umri wa miaka 35. Mwili ulirudishwa Meridian kwa garimoshi, na inasimuliwa kwamba dereva alipoukaribia mji alipiga honi ndefu ya chini, isiyokatika, mpaka stesheni. Mwaka 1961, jumba la heshima la muziki wa kantri lilipofunguliwa orodha yake, jina lake lilikuwa miongoni mwa matatu ya kwanza.

Hapo ndipo wasifu wa mtu huyu huishia katika vitabu vingi. Kwetu sisi ndipo unapoanza.

Santuri ni kitu cha ajabu. Husafiri bila mwenyewe. Kati ya vita viwili vya dunia, gramafoni za kuzungushwa kwa mkono zilikuwa zimefika katika vilima vya Kericho pamoja na wamisionari, walowezi na mashamba ya chai. Wakipsigis walisikia kisanduku kikitoa sauti ya mwanamume anayeimba, kisha ghafla sauti yake inaruka juu kama ya kiumbe asiye mtu. Wakauliza jina lake, wakaambiwa. Kwa sikio la Mkipsigis, Jimmie liliingia moja kwa moja katika Che-, silabi inayofungua majina mengi ya kike ya Kikalenjin kama Chebet na Chelagat, na jina zima likatoka Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kutumia maisha yake kurekodi muziki wa bara hili, alifika Kapkatet, katika wilaya ya Kericho ya wakati huo. Huko alirekodi nyimbo tatu tofauti zenye jina hilohilo moja, Chemirocha. Ya tatu iliimbwa na wasichana, wakisindikizwa na ala ya nyuzi iliyo ndugu wa nyatiti, na ndiyo iliyopata sifa duniani. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, katika wimbo huo Chemirocha si mwimbaji wa Mississippi tena. Ni kiumbe nusu mtu nusu swara, na wasichana wanamhimiza acheze ule mchezo wa kuruka, aruke kwa nguvu mpaka nguo zimvuke.

Mwanafunzi wangu, hapa ndipo jibu lako lilipo. Waliotekwa akili huiga. Wasichana wa Kapkatet hawakuiga kitu. Hawakupiga gita, hawakuimba yodeli, hawakuvaa kofia. Ngazi ya sauti ni yao, ala ni yao, mchezo ni wao, na utani ni wao. Walimchukua mzungu aliyeletwa kwao ndani ya kisanduku, katika nchi ambayo mzungu wa nje ya kisanduku alikuwa amewanyang'anya ardhi, wakampa miguu ya swara na kumwamuru acheze mpaka suruali ianguke. Nao walikuwa wafugaji halisi, watu wanaojua ng'ombe kwa jina na kwa rangi, kuliko kauboi yeyote aliyeimba Hollywood. Ukinambia hao walikuwa mateka, nitakuuliza ni nani hasa aliyemteka mwenzake.

Kwa hiyo shtaka la utumwa wa akili nalikataa. Lakini lipo shtaka jingine ninalolikubali litusomee sote, nalo ni lile la majina. Sisi tumekuwa hodari wa kulaumu kampuni za Marekani kwa kumficha Armstrong, ilhali hapa kwetu tumebishana miaka na miaka kuhusu nani aliutunga wimbo wa Malaika, wengine wakimtaja Fadhili William, wengine Adam Salim, na mahakama ya mabaraza ya kahawa bado haijafunga kesi. Katika mashindano ya muziki ya shule, kwaya huingia jukwaani na wimbo wa jando, wa mavuno au wa kubembeleza mtoto. Anatangazwa mwalimu mwongozaji, inatangazwa shule, linatangazwa kabila ulikotoka wimbo, kisha vifijo. Nyanya aliyekaa na watoto hao wiki tatu chini ya mti, akiwarekebisha matamshi na kuwaonyesha mahali pa kukanyaga mguu, hayumo katika programu. Kabila limechukua nafasi yake, kana kwamba kabila zima lilikaa chini ya mti. Napendekeza kwa walimu wenzangu wa muziki kwamba mstari mmoja uongezwe: jina la aliyefundisha, na kijiji chake. Wino wake haugharimu chochote.

Tracey, pamoja na lawama zote anazoweza kupewa mzungu wa zama zile aliyekusanya mali za watu, aliandika majina. Ndiyo maana mwaka 1992, lau mtu angetaka kujua ni nani aliyeimba Kapkatet, angeweza kusoma. Na ndiyo maana mwaka 2014, watafiti wa maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, waliweza kurudi Kericho na nakala za rekodi hizo pamoja na wenzao wa Kenya, wakauliza watu kwa majina, na wakamkuta Cheriyot arap Kuri, mmoja wa waimbaji wa mwaka 1950, akiwa mzee aliye hai. Walimpigia sauti yake mwenyewe ya ujana.

Kiongozi wa wasichana naye aliandikwa. Aliitwa Chemutoi Ketienya. Wenzake waliomwitikia, ambao bila wao wimbo ule usingekuwa wimbo, wameandikwa kwa neno moja tu: wasichana.